Skrini safi kwa gharama ya nani? Kompyuta huria mbele ya mteja wa Nkololo

Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari ya senta kama Nkololo, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, hugeuka ofisi ndogo ya serikali. Vijana waliomaliza kidato cha sita hupanga foleni na bahasha mkononi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, picha za pasipoti, fomu yenye saini na mhuri wa serikali ya kijiji. Karatasi inaskaniwa, inapakiwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, na anayefuata anasogea. Ni miezi hiyohiyo ya katikati ya mwaka ambapo pamba inanunuliwa, kwa hiyo pembeni yupo katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayetaka orodha ya wakulima ichapwe upya, na mama mwenye flashi ya kadi za harusi. Kompyuta ni moja.

Kompyuta hiyo kwa kawaida ni mtumba. Ilistaafishwa na ofisi fulani Ulaya au Dubai, ikafika Kariakoo, ikapanda basi hadi Mwanza au Bariadi. Ndani yake mna Windows, mara nyingi Windows 10, na hapo ndipo penye kazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikaacha nyongeza ya muda mfupi tu kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo haiingii kwa njia rasmi kwenye mashine nyingi za zamani, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine bado nzima, lakini mfumo wake umeachwa bila kinga, na kila flashi inayochomekwa inaweza kuingia na virusi vyake.

Ndipo fundi anapoitaja Linux. Mifumo kama Ubuntu na Linux Mint ni programu huria: hailipiwi leseni, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na Mint inakwenda vizuri kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4. Watengenezaji wa KDE, mojawapo ya mazingira makubwa ya eneo-kazi katika Linux, walianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wasitupe mashine zao kwa sababu ya Windows 10. Suala la bei, basi, limekwisha. Limebaki gumu zaidi: mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pale senta, akitazama kioo kwa mara ya kwanza, ataona pa kuanzia?

Historia ya miaka karibu 30 ya violesura huria inaonyesha kwamba wabunifu wake wamechanganya mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Moja ni kupunguza vitu. La pili ni kuvificha. Kupunguza humsaidia mgeni. Kuficha humfurahisha mwenyeji, anayejua tayari kila kitu kiko wapi, na gharama yake huibeba mgeni.

Saa nyingi, menyu nyingi

Linux ya miaka ya 1990 ilikuwa mali ya mafundi. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, alitangaza mradi wa KDE. Alikerwa kuona kila programu ina sura yake, vitufe vyake na tabia zake, na akataka mazingira kamili ambayo mtumiaji wa kawaida angeweza kufanyia kazi zake za kila siku. Agosti 1997 Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha mradi wa pili, GNOME.

Tatizo la mwanzo lilikuwa wingi. Kila aliyejitolea kuandika msimbo aliongeza chaguo alilolipenda yeye, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulikataa la mwenzake. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa ikijiandaa kuiweka GNOME kwenye mashine zake, iliwakalisha watumiaji mbele ya kioo, ikawapa kazi ndogondogo na kuwatazama. Yakaonekana mambo ambayo waliouandika mfumo hawakuyaona kwa miaka minne. Saa peke yake ilikuwepo ya aina kadhaa za kuchagua, na mtumiaji hakujua zinatofautianaje. Mwaka uliofuata Havoc Pennington, mmoja wa viongozi wa kiufundi wa GNOME, aliandika hoja iliyokuja kunukuliwa sana: kila chaguo linaloongezwa lina gharama, kwa sababu linahitaji kutunzwa, kujaribiwa na kueleweka. GNOME 2, iliyotoka Juni 2002, ilikuja imepunguzwa vya kutosha na ikiwa na mwongozo wa maandishi kwa wabunifu. Watu walilalamika, kisha wakaizoea, na kwa karibu miaka tisa ikawa sura ya Linux katika maabara nyingi za vyuo vyetu.

Kosa lilikuja baada ya mafanikio hayo. Simu za kugusa zilikuwa zimeteka macho ya dunia, na wabunifu wa kompyuta za mezani nao wakatamani kioo kitupu, kisicho na kelele. Tarehe 6 Aprili 2011 GNOME 3 ikatoka. Siku 22 baadaye Ubuntu 11.04 ikatoka na kiolesura chake kipya, Unity. Mwaka 2012 Microsoft nayo ikafuata mkondo kwa kuondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8, ikakirudisha mwaka uliofuata baada ya wateja kuja juu.

“Limeshuka kwenda wapi?”

Tutazame kwa karibu kilichofichwa.

Katika GNOME 3 ya mwanzo, dirisha lilibaki na kitufe kimoja tu cha kulifunga. Kile cha kulishusha kiliondolewa, na sababu ilieleweka: upau wa chini unaoonyesha madirisha yaliyofunguliwa ulikuwa umeondolewa pia, kwa hiyo dirisha likishushwa halikuwa na pa kukaa. Kuyaona madirisha yote, mtumiaji alitakiwa kusukuma kishale hadi kona ya juu kushoto. Kona hiyo ilikuwa na neno moja la Kiingereza, na hakuna lililoashiria kwamba kuigusa tu kungebadilisha kioo kizima.

Mpeleke katibu wa AMCOS mbele ya kioo hicho. Amezoea kuandika kwenye daftari la mistari, na orodha yake ina majina ya watu anaowajua wote kwa sura.

“Mwanangu, ile orodha yangu imeenda wapi?”

“Ipo baba, dirisha limejificha tu.”

“Limejificha wapi sasa?”

“Peleka mausi juu kabisa, pale konani.”

“Hapa pana nini?”

Hapana kitu, na swali la mzee ni sahihi kuliko jibu la kijana. Mbunifu alimtaka mtumiaji akumbuke mahali pasipo alama. Fundi wa mjini hulikariri hilo kwa siku moja, lakini mteja anayegusa kompyuta mara moja kwa mwezi hulijifunza upya kila mwezi.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika matoleo ya kwanza ya GNOME 3, menyu ya mtumiaji ilionyesha amri ya kulaza kompyuta, bila ile ya kuizima. Amri ya kuzima ilijitokeza pale tu mtu aliposhikilia kitufe cha Alt huku menyu ikiwa wazi. Waliobuni walifikiria laptopu mpya, inayofunikwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Kompyuta ya mezani haina betri. Ikilazwa na umeme ukakatika, kazi isiyohifadhiwa imepotea. Na penye sola, mwenye duka hataki kitu chochote kiendelee kunywa umeme usiku. Mtu wa namna hiyo akiikosa amri ya kuzima atachomoa waya ukutani, na siku moja diski haitaamka. Amri hiyo ilirudishwa mahali pa wazi katika matoleo ya baadaye, lakini kuondolewa kwake kulionyesha ni meza ya nani iliyokuwa kichwani mwa wabunifu.

Unity nayo ilificha menyu za programu hadi kishale kifike juu ya kioo, na ikaubadili upau wa kusogezea ukurasa kuwa mstari mwembamba unaojitokeza ukikaribiwa. Mwaka mmoja kabla, vitufe vya dirisha vya Ubuntu vilikuwa vimehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji walipopinga, Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini mwanzilishi wa Ubuntu, alijibu kwamba maamuzi ya ubunifu hayapigiwi kura. Alikuwa na haki, maana kura haijawahi kubuni kitu kizuri. Ila asiyepiga kura anastahili angalau kutazamwa akihangaika.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, aliikimbia GNOME 3 mwaka 2011 na kuhamia Xfce, kisha akairudia baadaye. Raia mmoja wa Argentina akaifufua GNOME 2 kwa jina la MATE. Clement Lefebvre wa Linux Mint akajenga Cinnamon, yenye menyu chini kushoto na madirisha yanayoonekana yote. Unity yenyewe ilitangazwa kuachwa Aprili 2017. Hapo ndipo uhuru wa msimbo ulipodhihirika: waliochukia mabadiliko walichukua msimbo wakaenda zao. Lakini waliokwenda zao ni wale wenye ujuzi wa kuandika programu na lugha ya kubishania. Mteja wa senta hakuwemo katika mjadala, upande wowote.

Kompyuta ya watu wote

Violesura vingi huria vinadhani kompyuta ni ya mtu mmoja. Vikiwashwa mara ya kwanza vinauliza jina lako na akaunti zako za mtandaoni. Katika steshenari, akaunti ni moja na watu ni wengi kwa siku. Kijana anayeingiza nywila yake ya mfumo wa mikopo akisahau kutoka, anayefuata anaikuta milango wazi. Cheti alichoskani kinabaki kwenye folda, pamoja na vyeti vya wenzake wa wiki nzima.

Ubuntu iliwahi kuwa na dawa ya hili: kikao cha mgeni. Mteja aliingia bila nywila, akafanya kazi yake, na akitoka kila alichoacha kilifutwa. Ubuntu ilipoachana na Unity na kurejea GNOME katika toleo la 17.10, Oktoba 2017, kikao hicho hakikuwemo. Maofisini hakuna aliyeumia sana. Kwa biashara inayoishi kwa kuhudumia wageni, kilichoondoka ni kinga ya wateja.

Flashi ni jambo jingine. Palipo na bando la kuhesabu, faili husafiri mfukoni. Mteja akichomeka flashi anatarajia kuiona mbele yake, kwenye eneo-kazi. Mwaka 2018, toleo la 3.28 la GNOME liliondoa kabisa ikoni juu ya eneo-kazi kwa sababu msimbo wake ulikuwa wa zamani na mgumu kuutunza. Sababu ni ya kweli, na Ubuntu ilitafuta njia ya kuzirudisha. Lakini anayetumia GNOME ilivyo hubaki na ukuta mtupu wenye picha nzuri, na flashi iko ndani ya programu ya mafaili ambayo lazima kwanza aijue.

Kisha kuna uzito. GNOME 3 na Unity zilipotoka zilitegemea kadi ya picha yenye uwezo wa 3D. Mitumba mingi ya wakati ule ilishindwa, ikaangukia kwenye sura mbadala isiyofanana na ile iliyoelezwa kitabuni. Mwalimu aliyefundishwa Bariadi mjini kwenye sura moja alikuta nyingine akifika shuleni kwake.

Wapo waliojaribu kuanza na mtumiaji. Mradi wa One Laptop per Child, uliopeleka zaidi ya laptopu 200,000 katika shule za msingi za Rwanda kuanzia mwaka 2008, ulibuni kiolesura huria kipya kwa ajili ya watoto, Sugar. Katikati ya kioo alikuwepo mchoro wa mtoto mwenyewe kwa rangi alizozichagua, na shughuli zake zikamzunguka. Hapakuwa na folda wala kitufe cha kuhifadhi: kila alichofanya kiliingia chenyewe kwenye jarida lake. Kiolesura hicho kilikuwa na kasoro, hasa mwendo wake wa polepole na ugumu wa kutafuta kazi ya zamani jarida likishajaa. Hata hivyo, kazi kujihifadhi bila kuombwa ni wazo ambalo kila aliyewahi kukatikiwa umeme akiwa ukurasa wa tatu atalibariki.

Simu imeshafundisha

Wabunifu hupenda kusema mtumiaji wa kijijini hana uzoefu. Uzoefu anao, tena mkubwa. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mkulima wa Nkololo ametuma fedha ya mbolea, ada na matibabu kwa kupiga *150*00# kwenye simu ya batani. Menyu ile haina urembo wowote. Inaorodhesha yote yanayowezekana kwa namba, kwa Kiswahili. Haifichi chaguo konani. Kabla ya fedha kuondoka inaonyesha kiasi na inakokwenda na inaomba namba ya siri, na baada ya hapo ujumbe unaingia kuthibitisha. Mtu akikosea hatua, anafuta na kuanza upya bila kuharibu kitu.

Hayo ni masharti ya kiolesura chochote kizuri: onyesha kinachowezekana, sema kitakachotokea, thibitisha kilichotokea, ruhusu kurudi nyuma. Bibi anayeuza choroko gulioni ameyatumia kwa miaka. Kompyuta ndiyo inayomwangusha.

Upo pia mfano ndani ya programu huria zenyewe. Takwimu za zahanati zetu huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika DHIS2, mfumo huria uliozaliwa katika ushirikiano unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuujenga. DHIS2 inamruhusu mwenye mfumo kuichora fomu ya kwenye kioo ifanane na karatasi, safu kwa safu. Muuguzi anayeijua karatasi tayari ameijua nusu ya kioo.

Lugha nayo ilishaanza kushughulikiwa. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Sweden ya IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Ilithibitisha kwamba inawezekana. Baada ya hapo kazi imeendelea kwa kudokoa, kwa mikono ya wanaojitolea. Nkololo, ambako Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ya shule na ofisi, na Kiingereza inakuja ya tatu, menyu yenye nusu ya maneno kwa lugha moja na nusu kwa nyingine inachosha kuliko iliyo nzima kwa Kiingereza. Afadhali mambo ishirini ya kila siku yatafsiriwe yote kuliko elfu yatafsiriwe nusunusu.

Kukaa pembeni na kunyamaza

Violesura vipya bado vinajengwa. Kampuni ya System76 ya Colorado, Marekani, imekuwa ikiandika upya mazingira yake ya eneo-kazi, COSMIC, na toleo la kwanza la majaribio lilitoka Agosti 2024. Mpya huja na nafasi mpya ya kutenda haki, au ya kurudia yaleyale.

Dawa haihitaji bajeti kubwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano wakitumia kitu kunafichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watano tu: mwalimu, katibu wa AMCOS, kijana wa mkopo, muuguzi wa zahanati, na binti anayepokea wateja steshenari. Wapewe kazi za kweli: chomeka flashi, fungua orodha, ongeza majina matatu, printi, hifadhi, zima. Mtazamaji akae pembeni, asielekeze kidole, asitoe msaada, aandike kila mahali mkono uliposita. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu desturi yetu ni kumsaidia mtu mzima anayehangaika, na fundi anaona aibu kumtazama mzee akikwama. Lakini kila kukwama ni taarifa ambayo mbunifu aliye Denver au Berlin hana namna nyingine ya kuipata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia ya kuzifikisha taarifa hizo kwa sasa ni mbovu kuliko violesura vyenyewe. Kasoro za GNOME huripotiwa kwa Kiingereza, kwa kufungua akaunti kwenye mfumo uliotengenezwa kwa waandika programu. Anayeumia humwambia mwenye duka, mwenye duka humwambia fundi, na kwa fundi safari inaishia. Anahitajika mtu wa kati.

Watu wa kati tunao. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro na njia za maeneo yanayofurika, na ramani ikawekwa wazi kwa dunia nzima. Hawakusubiri mtaalamu wa mbali aje kuijua Tandale. Mwanafunzi wa TEHAMA anayekwenda mafunzo kwa vitendo Simiyu anaweza kufanya kazi ya aina hiyo na kompyuta: awakalishe watu watano, atazame, aandike ripoti kwa Kiingereza kinachohitajika na kuituma kwa wenye mradi. Ripoti moja yenye ushahidi wa watu watano waliokwama mahali pamoja ina uzito kuliko malalamiko mia ya mtandaoni. Na mradi ukikataa kurekebisha, leseni inamruhusu yeye na wenzake kurekebisha wenyewe na kugawa toleo lao kwa kila steshenari ya mkoa.

Kwa sasa, mwenye duka anayefikiria kuhama Windows na achague mazingira yanayoonyesha vitu vyake, kama Cinnamon, MATE au Xfce, kabla ya yale yanayovutia kwenye picha. Afungue akaunti ya pili kwa ajili ya wateja, awashe hifadhi ya kila dakika chache kwenye programu huria ya ofisi ya LibreOffice, na aache amri ya kuzima mahali ambapo kila mtu anaiona. Halafu amwite mteja wake asiyejua kompyuta kabisa, amkalishe kwenye kiti, na aone anakwama wapi kabla hajalipa fundi kwa mashine ya pili.